Magharibi ya Wilaya Nne

Jioni ile mwenyekiti wa mdahalo nilikuwa mimi. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nawasimanga wenzangu huku mwenyewe nimejikalia pembeni kama mtazamaji wa mpira.

Kikundi chetu kilikuwa kikikutana kila Jumamosi barazani kwa mzee mmoja muuza vitabu vya mtumba, Ilala. Watu tisa, mabenchi mawili, kahawa na kashata. Kazi yetu ilikuwa kusomeana hadithi na mashairi, kukosoana, kugombana kidogo kama hadithi fulani ingefaa isimuliwe kwa nafsi ya kwanza au ya tatu, basi, kila mtu anarudi kwao. Lakini Jumamosi ile, katikati ya Desemba 2023, mtu mmoja akasema leo tufanye mdahalo. Mada: Waarabu na nchi za Magharibi, nani mwenye makosa?

Mada ilikuwa imeshaingia barazani kabla hatujaikaribisha. Wiki hiyo hiyo habari zilikuwa zimethibitisha kwamba kijana wa pili wa Kitanzania, kati ya wawili waliokwenda Israel kujifunza kilimo kwa vitendo, naye aliuawa Oktoba 7. Habari za mwenzake tulizipata Novemba. Mmoja alikuwa na miaka 22, mwingine 21. Rika letu kabisa. Na upande wa pili, kila simu iliyokuwa barazani ilikuwa na picha za Gaza, watoto waliotolewa kwenye vifusi wakiwa weupe kwa vumbi la saruji utadhani wamepakwa unga. Hakuna aliyekuja pale na moyo mtupu.

Wazungumzaji wakuu walikuwa wawili, na wote ni rafiki zangu. Mmoja ni mshairi, mwingine ni mtunzi wa michezo ya kuigiza. Wamekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne. Mshairi akaanza. Akasema, ndugu zangu, mwenzetu amekwenda kujifunza kukamua ng'ombe, amekufa. Tuanzie hapo, Oktoba 7.

Mtunzi wa michezo akamkatiza. "Mbona unafungua kitabu katikati, kaka? Anzia 1948, watu walipofukuzwa makwao."

"Kama ni hivyo anzia 1947. Umoja wa Mataifa ulipogawa nchi, nani alikataa?"

"Anzia 1917 basi. Nani alimpa Balfour nchi ya watu aigawe?"

Ndani ya dakika kumi tulikuwa tumefika 1099, Wapiganaji wa Msalaba wanaingia Yerusalemu. Dakika tano baadaye tukajikuta Unguja, kwenye soko la watumwa la Mkunazini lililofungwa 1873, na mtu aliyekuwa kimya tangu mwanzo anauliza, tena kwa sauti ya juu, kama Mwarabu tunayemlilia leo si yule yule aliyewafunga babu zetu minyororo. Kwamba tajiri wa Kiomani wa karne ya kumi na tisa na mama wa Khan Younis wa 2023 ni watu wawili mbalimbali, hilo halikumjia mtu kichwani. Wote ni "Mwarabu".

Hapo mwenyekiti akaombwa atoe uamuzi. Nikasimama, nikakohoa, nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka masikio yananiwaka. Nilisema, "Ndugu zangu, kila upande una haki yake."

Mtunzi wa michezo akaniangalia. "Haki gani? Itaje."

Sikuweza. Akachukua daftari lake la muswada, akaenda. Mshairi naye hakurudi Jumamosi iliyofuata. Kijitabu tulichokuwa tunakiandaa, chenye kazi za watu tisa, hakikutoka.

Baada ya hapo nikakaa na lile neno, itaje. Nilijiambia kwanza kwamba tatizo ni miaka: kila mtu anachagua mwaka wa kuanzia, na akishauchagua mwaka amekwisha kumchagua na mkosaji. Hilo ni kweli, na mtu anayetunga riwaya analijua kuliko wengine. Ukianza hadithi mlango unavunjwa, mvunjaji ni mwizi. Ukianza miaka thelathini nyuma, huenda nyumba ilikuwa ya baba yake. Lakini nikaona bado haitoshi. Maana wapo watu waliokubaliana mwaka, wakakubaliana hata karatasi ya kubishania, wakakaa meza moja nayo iko mbele yao, na bado mazungumzo yakavunjika. Nilitaka kuiona karatasi hiyo. Nilipoipata, kisa chake kilinishika mkono, kwa sababu neno lililoleta kasheshe yote ni neno letu sisi la kila siku. Neno lenyewe ni wilaya.

Mwaka ni 1915. Vita Kuu ya Kwanza inaunguruma. Waingereza wamekwama Gallipoli, Uturuki imewabana, na tangu Novemba 1914 Sultani wa Uturuki alikuwa ametangaza jihadi dhidi yao, jambo lililowatia hofu kwa vile walitawala mamilioni ya Waislamu, India na kwingineko. Wanamtafuta Mwislamu mwenye heshima atakayemgeuka Sultani. Wanampata Makka: Sharifu Hussein bin Ali, mlinzi wa miji mitakatifu, mtu wa ukoo wa Mtume. Naye ana bei yake. Anataka uhuru wa nchi za Kiarabu zilizo chini ya Mturuki, karibu zote, na mipaka ameitaja.

Anayejadiliana naye ni Sir Henry McMahon, Kamishna Mkuu wa Uingereza nchini Misri. Waliandikiana barua kumi, kuanzia Julai 1915 hadi Machi 1916. Barua iliyozaa ubishi ni ya Oktoba 24, 1915. McMahon anakubali: Uingereza itatambua na kusaidia uhuru wa Waarabu ndani ya mipaka ile, isipokuwa sehemu fulani. Anazitaja Mersina na Alexandretta, halafu sehemu za Syria zilizo magharibi ya wilaya za Damascus, Homs, Hama na Aleppo, kwamba hizo si za Waarabu watupu. Anaongeza pia kwamba ahadi inahusu sehemu ambazo Uingereza inaweza kutenda bila kumdhuru rafiki yake Mfaransa.

Barua ilitungwa kwa Kiingereza, ikatafsiriwa Cairo kwa Kiarabu, ikapelekwa Makka kwa siri. Katika Kiarabu, mahali pa sehemu zile nne, liliwekwa neno wilayat. Wilaya.

Sasa, wilaya ni nini? Msomaji wa Tanzania ataniona mpuuzi kuuliza. Wilaya ni chini ya mkoa, ina mkuu wa wilaya, imekwisha. Msomaji wa Kenya atasema sisi tulikuwa nazo, kisha kaunti zikashika nafasi mwaka 2013. Lakini nenda Aljeria, wilaya ndiyo kama mkoa wetu. Nenda Omani, wilaya iko chini ya mkoa kama kwetu. Neno ni moja na mama yake ni mmoja. Nilimwendea mwalimu wa madrasa wa mtaani kwetu, mzee mwenye subira, nikamwamkia, nikamuuliza. Akaniambia asili yake ni kushika madaraka, na anayeyashika ni wali. Ndiyo maana watu wa pwani walikuwa na liwali wao. "Wilaya ni mahali penye wali, mwanangu. Ukubwa wake usiniulize mimi. Kamuulize aliyemtuma."

Basi mwaka 1915 aliyewatuma mawali alikuwa Mturuki, na kwake wilaya lilikuwa jimbo kubwa. Hapo chukua ramani. Damascus, Homs, Hama na Aleppo ni miji iliyopangana bara, kusini kwenda kaskazini, kama vituo vya reli. Ukisema wilaya kwa maana ya mji na viunga vyake, basi magharibi ya miji hiyo ni Lebanon na pwani ya Syria. Palestina haimo. Iko kusini zaidi. Kwa hiyo haikutolewa kwenye ahadi, kwa hiyo Waarabu waliahidiwa. Lakini ukisema wilaya kwa maana ya jimbo la Kituruki, basi jimbo lililotawaliwa kutoka Damascus liliteremka kusini, ng'ambo ya mto Yordani, mpaka Aqaba. Magharibi ya jimbo hilo ndipo ilipo Palestina. Kwa hiyo imetolewa, kwa hiyo Waarabu hawakuahidiwa kitu.

Mtu yeyote aliyewahi kununua shamba anaujua mchezo huu. Muuzaji anakwambia eneo lote ni lako isipokuwa kipande kilicho mashariki ya Kilosa. Unalipa. Baada ya miaka mitano anakuuliza, kwani wewe ulifikiri nimesema Kilosa mjini? Mimi nilisema Kilosa wilaya.

Nilipofika hapo nilifurahi, nikadhani nimepata jibu la kumpelekea mtunzi wa michezo. Maana hoja ya jimbo ina matundu makubwa. Homs na Hama hazikuwa majimbo hata siku moja. Zilikuwa ndani ya jimbo la Syria, na Homs ilikuwa chini ya Hama. Hata jimbo lililotawaliwa kutoka Damascus jina lake rasmi lilikuwa Syria. Na jimbo la Aleppo liligusa bahari, kwa hiyo "magharibi ya jimbo la Aleppo" ni maji ya Mediterania, ni samaki. Nani anatoa samaki kwenye mkataba?

Lakini nikaendelea kusoma, na furaha ikapungua. Sharifu alijibu Novemba 5, 1915. Katika jibu lake anakubali kuziacha Mersina na Adana, ila anakataa kuziacha wilaya mbili za Aleppo na Beirut pamoja na pwani zake, anasema hizo ni za Waarabu watupu. Na hapo yeye mwenyewe anatumia wilaya kwa maana ya jimbo! Ndani ya barua kumi neno moja linatembea na kanzu mbili. Tena Palestina yenyewe haikutajwa kwa jina katika barua zote hizo, wala Yerusalemu haikutajwa. Mji ambao watu wangekuja kuuana kwa ajili yake miaka mia na zaidi, wala hakuna aliyesema, samahani bwana, na huo je?

Kwa nini hawakuuliza? Nimefikiri sana juu ya hilo na haya ni maoni yangu. McMahon alihitaji sentensi ambayo Sharifu akiisoma atachukua bunduki, na Mfaransa akiisoma hatachukua. Sentensi ya namna hiyo haiwezi kuwa wazi. Ingekuwa wazi, mmoja wao angeondoka. Naye Sharifu hakuwa mtoto. Aliiona ile hoja ya Ufaransa, akaandika mwanzoni mwa 1916 kwamba kwa sasa ataliacha suala la Beirut na pwani, ila vita vikiisha atalidai. Yaani wote wawili waliahirisha. Kila mmoja aliweka mfukoni nakala yenye maana aliyoitaka, na Juni 1916 uasi wa Waarabu ukaanza.

Kumbe wakati huo, Mei 1916, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekwisha kugawana nchi hizo hizo kwa mkataba wa siri ulioandaliwa na Mark Sykes na François Georges-Picot. Siri hiyo ilitobolewa Novemba 1917, Wabolsheviki walipochukua madaraka Urusi, wakaikuta kwenye makabati ya serikali ya Tsar na kuichapisha gazetini. Na Novemba 2 mwaka huo huo ikatoka barua ya Balfour, kuahidi kwamba Uingereza itapendelea kuwepo kwa makao ya taifa la Wayahudi katika Palestina. Makao ya taifa! Si dola, wala si koloni. Neno jingine lisilo na ukubwa. Na wenyeji wakaelezwa kama jamii zisizo za Kiyahudi zilizopo, ambazo haki zao za kiraia na za dini hazitaguswa. Haki za kisiasa hazikutajwa. Sensa ya 1922 iliwakuta Wayahudi ni kama asilimia 11 ya watu wa Palestina, kwa hiyo hizo "jamii zilizopo" zilikuwa watu tisa katika kila kumi. Ni kama kumwita mwenye nyumba "watu wengine waliokutwa ndani".

Mwaka 1922 serikali ya Uingereza, Winston Churchill akiwa Waziri wa Makoloni, ilitoa rasmi ile tafsiri ya jimbo: Palestina ilikuwa magharibi ya wilaya ya Damascus, kwa hiyo haikuahidiwa. Mwaka 1937 McMahon, sasa mzee mstaafu, aliandikia gazeti la The Times akasema hakukusudia kuiingiza Palestina katika ahadi. Lakini kusudio la moyoni si sentensi. Barua zenyewe serikali ilikuwa haijazichapisha bado, kwa hiyo watu walibishania karatasi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Aliyezitoa hadharani ni George Antonius, katika kitabu chake cha 1938. Nawaomba wenzangu wa barazani mlisikie hili: Antonius alikuwa Mwarabu, na alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi, mzaliwa wa Lebanon aliyekulia Alexandria na kusoma Cambridge. Kule kwetu Jumamosi ile tungemweka benchi lipi?

Mwaka uliofuata ndio ninaoupenda mimi, maana ni mdahalo wetu hasa, ila umefanyika London na watu wenye suti. Februari na Machi 1939 Waingereza waliwaita Waarabu na Wayahudi kwenye mkutano katika jumba la St James's. Wajumbe wa Kiarabu hawakukubali kukaa meza moja na wajumbe wa Kiyahudi, ikabidi Waingereza wakutane na kila upande peke yake. Lakini kwa ajili ya barua za McMahon iliundwa kamati maalumu ya Waingereza na Waarabu. Upande wa Uingereza uliongozwa na Lord Maugham, mwanasheria mkuu kuliko wote katika serikali yao. Huyu bwana ni kaka mkubwa wa Somerset Maugham, mwandishi wa riwaya. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu. Kaka anavunjika kichwa kutafuta maana ya neno moja, mdogo wake anakula vizuri kwa kuyaacha maneno yawe na maana mbili.

Kamati ilikaa, ikasoma, ikashindwa. Waarabu wakabaki na miji, Waingereza wakabaki na majimbo. Hata hivyo Waingereza walikiri kitu ambacho hawakuwahi kukikiri: kwamba hoja za Waarabu zilikuwa na nguvu kuliko zilivyodhaniwa hapo kabla, na kwamba Uingereza haikuwa na uhuru wa kuigawa Palestina bila kujali matakwa ya wakazi wake. Mwaka 1939! Miaka ishirini na nne baada ya barua. Sharifu Hussein alikuwa amekwisha kufa mwaka 1931 huko Amman, baada ya kung'olewa Makka mwaka 1924 na jeshi la Ibn Saud na kukaa uhamishoni Cyprus. Alizikwa Yerusalemu, ule mji ambao haukutajwa.

Sitaki msomaji aondoke akidhani namwaga machozi upande mmoja. Kuna karatasi nyingine. Januari 3, 1919, Faisal, mtoto wa Sharifu, alitia sahihi mapatano na Chaim Weizmann, kiongozi wa Wazayuni, akikubali uhamiaji wa Wayahudi Palestina. Watetezi wa Israel huitaja sana: si mnaona, Mwarabu mwenyewe alikubali! Wanaacha maneno ambayo Faisal aliyaongeza kwa mkono wake, kwa Kiarabu, chini ya maandishi ya Kiingereza, kwamba Waarabu wasipopata uhuru wao kama walivyouomba, yeye hafungwi na neno lolote la mapatano hayo. Julai 1920 Wafaransa wakamtimua Damascus. Kwa upande mwingine, watetezi wa Waarabu wanayaruka mapatano yote kana kwamba hayakuwahi kuandikwa, kwa sababu yanaonyesha kwamba mwana wa Sharifu alikuwa tayari kuizungumzia Palestina mezani kama sehemu ya biashara kubwa zaidi. Kila upande umeisoma nusu ya ukurasa, na nusu hizo hazikutani.

Na hao "Waarabu" na hiyo "Magharibi" tunaowataja kama majirani wawili waliogombania ukuta, wako wapi? Mwaka 1956, baada ya Gamal Abdel Nasser kuutaifisha mfereji wa Suez, Uingereza, Ufaransa na Israel ziliivamia Misri, na aliyezibana ziondoke ni Marekani ya Eisenhower. Mwaka 1991 majeshi ya Misri, Syria na Saudi Arabia yalikuwa upande wa Marekani dhidi ya Iraq iliyokuwa imeimeza Kuwait. Kwetu magharibi ni kunakokuchwa jua, na ni swala. Kwa Waarabu al-Maghrib ni Moroko, na Rabat iko magharibi zaidi kuliko London na Paris. Ukiichunguza hata mada yetu ya Jumamosi ile, ilikuwa imeoza kabla haijaliwa.

Nilipofikia hapo nilijiuliza kama labda haya ni mambo ya zamani ya wakoloni, na kama walivyofanya 1915 wasingeweza kufanya tena mbele ya dunia nzima. Walifanya. Juni 1967, katika vita vya siku sita, Israel ilichukua Sinai, Gaza, Ukingo wa Magharibi pamoja na Yerusalemu ya Mashariki, na milima ya Golan. Novemba 22 mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha Azimio namba 242, kura zote 15, hakuna aliyepinga. Rasimu ilikuwa ya Waingereza, mwakilishi wao akiwa Lord Caradon. Linasema haifai kujipatia ardhi kwa vita. Linasema kila nchi ya eneo hilo ina haki ya kuishi kwa amani. Na linataka majeshi ya Israel yaondoke katika maeneo yaliyotekwa katika vita hivyo.

Maeneo yapi, yote au baadhi? Kiingereza, kama tulivyochapwa nacho viboko shuleni, kina kineno cha herufi tatu kinachowekwa mbele ya jina ili ijulikane ni kitu kile kile mahususi. Katika sentensi ile kineno hicho hakimo. Israel na wanaoiunga mkono wanasema, mnaona, haikusemwa yote, na mipaka tutaelewana. Lakini nakala ya Kifaransa, nayo ni rasmi vile vile, husomeka kama maeneo yale, yaani yote. Waarabu wanashika hiyo, pamoja na yale maneno ya kwanza kuhusu ardhi ya vita. Hili nalo halikuwa kosa la mchapaji. Walikuwepo waliotaka neno "yote" liandikwe, wakakataliwa, kwa sababu likiandikwa kuna ambao wangeondoka mezani, na lisipoandikwa wote kumi na tano wananyoosha mkono. Sinai ilirudi Misri mwaka 1982. Kwa wengine hapo azimio lilikuwa limetimizwa kwa sehemu kubwa, kwa wengine ndiyo kwanza lilikuwa limeanza.

Sasa nikitazama nyuma naona kwamba mshairi na mtunzi wa michezo hawakuwa wajinga, wala hawakuwa na hasira kupita kiasi. Walikuwa wamerithi sentensi zilizotengenezwa ili watu wawili wazisome na kila mmoja aondoke akiamini amepewa. Ukimwambia mwenzako "soma mwenyewe imeandikwa", naye anasoma mwenyewe na anaona kweli imeandikwa, ila ya kwake. Anayeamini hivyo akikutazama hawezi kufikiri kwamba umesoma tofauti. Atafikiri unasema uongo. Na mtu unayeamini anakudanganya juu ya maiti huwezi kunywa naye kahawa.

Wale wawili hawajarudi barazani. Lakini Novemba 2025, mwili wa yule kijana wetu wa pili ulipokabidhiwa kutoka Gaza baada ya miaka miwili, nilishindwa kukaa. Niliketi nikaitafsiri ile sentensi ya Azimio 242 kwa Kiswahili, nikaiandika kwenye karatasi ya daftari, kwa kalamu ya bluu: majeshi ya Israel yaondoke katika maeneo yaliyotekwa katika vita vya karibuni. Ndipo nilipogundua kwamba lugha yetu kineno kile cha herufi tatu haina kabisa. Sentensi yangu ilikuwa na siri ile ile ya wakubwa, na mimi sikuwa nimekusudia.

Nikaipeleka kwanza kwa mshairi, kazini kwake, dukani. Nikamwambia, rekebisha kama unaona sijaitendea haki. Akasoma mara mbili, akachukua kalamu, akaongeza juu ya mstari: baadhi ya. Akanirudishia, hakuuliza inakwenda wapi.

Siku ya tatu nikampelekea mtunzi wa michezo. Akasoma. Akakata yale maneno mawili kwa mstari mmoja mnene, akaandika pembeni: yote. Halafu badala ya kunirudishia karatasi akabaki ameishika, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, anayaangalia maneno aliyoyakata.

"Huu mwandiko ni wake," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama mama yake mshairi amepona ile miguu.